Jazi, Santuri na Mpuliza Saksafoni katika Mji wa Morogoro

Kusini ya mji wa Morogoro, pale miteremko ya milima ya Uluguru inapogusa tambarare, kuna mahali paitwapo Mzinga. Watu wengi wanapajua kwa sababu ya kiwanda cha jeshi kilichojengwa huko katika miaka ya 1970. Lakini neno lenyewe ni kongwe kuliko kiwanda. Mzinga kwanza ni gogo lililotobolewa ndani, likatundikwa juu ya mti ili nyuki waingie na kufanya asali. Na lugha nyingi za Kibantu zinalo neno hili, au ndugu yake wa karibu, kwa maana hiyo hiyo. Waswahili wa pwani walipoona silaha kubwa za merikebu na ngome hawakuomba jina kwa wageni walioleta silaha hizo. Walitazama umbo, wakaona kitu kirefu, cha mviringo, chenye uwazi ndani, wakakiita mzinga. Basi neno moja likabeba asali na baruti pamoja, wala wasemaji hawakuona dhiki yoyote kwa jambo hilo.

Desturi ya kukipa kitu kigeni jina kwa kulitazama umbo lake haikufa na ngome za Wareno. Ilikuwa ingali hai wakati chombo kiitwacho saksafoni kilipoingia katika majumba ya dansi ya Tanganyika. Wapenzi wa muziki walikiita mdomo wa bata, na mtu aliyekitazama chombo hicho karibu haoni taabu kuelewa kwa nini, maana kipande kinachotiwa kinywani kimechongwa kikawa bapa mbele mfano wa mdomo wa ndege huyo. Ni kweli kwamba jina hili hutumika kwa ulegevu, na baadhi ya waandishi wa magazeti wamelitumia hata kwa tarumbeta. Lakini kwa uzuri na kwa kufaa kwake linapita mbali neno saksafoni, ambalo lina konsonanti mbili zilizogongana katikati na halimwambii Mswahili lolote ila jina la mtu. Mtu huyo ni Adolphe Sax, fundi wa vyombo vya muziki aliyezaliwa Dinant, Ubelgiji, mwaka wa 1814, akapata hati ya kumiliki uvumbuzi wake Paris mwaka wa 1846.

Lipo jambo jingine la lugha katika chombo hiki. Mwili wake ni wa shaba, lakini sauti yake huzaliwa na kipande chembamba cha tete kinachotetema kinywani mwa mpulizaji. Kwa hiyo, kwa kufuata jinsi sauti inavyofanyika, saksafoni ni jamaa ya zumari, chombo ambacho pwani imekijua kwa karne nyingi. Wasemaji hawakufuata njia hiyo. Walikiweka katika kundi la tarumbeta kwa kuwa walikiona kwanza katika jamii ya tarumbeta, yaani katika bendi za askari na polisi, kimevaa shaba kama wenzake. Chombo, kama mtu, huhesabiwa kwa wale anaofuatana nao.

Sasa laweza kuulizwa swali ambalo katika nchi nyingine lingekuwa jepesi: ni nani mpuliza saksafoni wa jazi wa Morogoro, na albamu yake ya kwanza ni ipi? Huko Marekani swali la namna hii hujibiwa kwa jina na tarehe. Santuri ndefu ya kuzunguka mara 33 kwa dakika ilitolewa kwa biashara na kampuni ya Columbia mwaka wa 1948, na katika muda wa miaka michache ikawa desturi kwamba mpulizaji aliyekwisha kutumikia bendi za wengine hungoja siku ya kutoa santuri yake mwenyewe. John Coltrane, mathalani, alikuwa amepiga katika bendi nyingi kabla ya mwaka wa 1957 aliporekodi santuri ya kwanza iliyobeba jina lake kama kiongozi. Siku kama hiyo huandikwa katika historia kama siku ya kijana kutoka jandoni.

Ukiulizwa Morogoro, swali hilo hubaki bila jibu. Si kwa sababu mji haukuwa na wapuliza saksafoni, maana walikuwako na sauti zao zasikika hadi leo. Wala si kwa sababu mji haukutoa santuri. Ni miji michache ya bara iliyotoa nyimbo nyingi zilizopendwa kuliko Morogoro. Swali linakosa jibu kwa kuwa maneno yake mawili, jazi na albamu, hayakuwa na maana ile ile katika mji huo. Kosa la wengi walioandika juu ya muziki wa dansi wa Afrika Mashariki ni kuyachukua maneno haya kama kwamba yalivuka bahari bila kubadilika, halafu kushangaa kwamba muziki uliomo si ule waliotazamia.

Neno jazz lilianza kuenea duniani kwa jina la muziki katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, na bendi ya New Orleans iliyotoa santuri mwaka wa 1917 ililiandika kwa namna nyingine, kwa herufi mbili za s mwishoni, kwa sababu wenyewe walikuwa hawajaafikiana juu ya tahajia yake. Kiswahili kilikuwa na jazi yake tangu zamani, kitenzi chenye asili ya Kiarabu, ambacho maana yake ni kulipa wema au kutoa thawabu. Ndicho kisikikacho watu wanapoombeana Mungu awajazi kheri. Maneno haya mawili hayana udugu, lakini msikivu wa lugha atasamehewa akitabasamu kwa kukutana kwao.

Katika Tanganyika jina la jazz lilionekana mapema. Dar es Salaam Jazz Band ilikuwako tangu miaka ya 1930, na Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka wa 1944. Baadaye zikafuata Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz za Tanga, na Nuta Jazz iliyoundwa mwaka wa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mwenye kusikiliza nyimbo za bendi hizi akitafuta muziki wa New Orleans au wa New York hataupata. Atasikia rumba, chacha na bolero, nyingi kwa mwendo uliotoka Kuba katika santuri zilizokuwa na herufi G.V., ambazo kampuni ya Kiingereza ilianza kuzitoa mwaka wa 1933 kwa ajili ya masoko ya Afrika. Atasikia vilevile mapigo ya ngoma za nyumbani, na baadaye magitaa ya Kongo. Jazi ya Kimarekani ni kidogo sana humo, na pengine haimo kabisa.

Basi neno jazz lilitaja nini? Lilitaja chama. Jazz ilikuwa jina la watu waliokusanyika, wakachanga fedha, wakanunua vyombo, wakachagua mwenyekiti, katibu na mshika fedha, wakapiga dansi siku za mwisho wa juma. Katika jambo hili jazz ilirithi kiti cha beni, ile ngoma ya tarumbeta na gwaride iliyoanzia pwani ya Kenya na kuenea Tanganyika nzima kabla na baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Beni nayo ilikuwa neno la kigeni, bendi lililofupishwa. Nayo haikutaja muziki peke yake, bali ilitaja jamii yenye vyeo, sare na wapinzani. Palipokuwa na Marini palikuwa na Arinoti. Mashindano yalikuwa ndiyo uhai wa beni, na jazz haikuacha urithi huo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina, na shabiki aliujua mtindo kama ajuavyo bendera: Western Jazz walikuwa na Saboso, Jamhuri Jazz walikuwa na Toyota, na Morogoro Jazz walikuwa na Likembe na halafu Sululu.

Mji wa Morogoro ulifaa kwa mambo haya. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka wa 1907; mashamba ya mkonge yakavuta watu wa makabila mengi kuishi karibu na Waluguru; na watu wasioelewana kwa lugha za mama waliweza kuelewana kwa Kiswahili na kwa dansi. Hapo ndipo Salum Abdallah alipounda bendi yake mwishoni mwa miaka ya 1940, kwanza kwa jina la La Paloma, kisha Cuban Marimba. Yasimuliwa kwamba katika ujana wake aliondoka nyumbani akaenda Mombasa kutafuta merikebu ya kumfikisha Kuba, akarudi bila kuipata. Kuba ikaja Morogoro kwa jina badala yake. Tangu hapo mji ulikuwa na bendi mbili kubwa, Morogoro Jazz na Cuban Marimba, zikitazamana kama zilivyotazamana beni mbili za zamani. Salum Abdallah alikufa katika ajali ya gari mwaka wa 1965, na Cuban Marimba ikaendelea chini ya Juma Kilaza.

Neno la pili linalohitaji kupimwa ni albamu. Katika miaka ya mwanzo ya bendi hizi hapakuwa na kitu hicho. Palikuwa na santuri. Santuri nayo ni neno lililosafiri: katika Kiajemi na Kiarabu ni chombo cha nyuzi kinachogongwa kwa vijiti, nasi tukalitumia kwa bamba linalotoa sauti ya vyombo vyote. Bamba la zamani lilizunguka mara 78 kwa dakika na upande wake mmoja ulichukua dakika tatu au zaidi kidogo. Wimbo uliokwenda nusu saa katika ukumbi ulikatwa ukabaki maneno na mwitikio wake. Kile wachezaji walichokingoja usiku kucha, yaani vyombo kuchemka baada ya maneno kwisha, kilikosa nafasi. Lilipokuja bamba dogo la mizunguko 45, wenye kampuni waligawa wimbo mmoja katika pande mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na ni katika sehemu ya pili ambamo saksafoni ilipata uwanja. Mtu anayetaka kuwajua wapuliza saksafoni wa Morogoro hana budi kuligeuza bamba.

Nchi ya Tanganyika, na baadaye Tanzania, haikuwa na kiwanda cha kutoa santuri. Bendi za Morogoro zilisafiri hadi Kenya, au zilifuatwa na wafanyabiashara wa huko. Salum Abdallah alitoa nyimbo zake kwa alama ya Mzuri ya Mombasa. Nairobi palikuwa na kampuni na kiwanda. Nyumbani palikuwa na redio, iliyoanza mwaka wa 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, na ambayo tangu 1965 ilijulikana kama Radio Tanzania. Redio ilirekodi bendi kwa wingi, ikazihifadhi nyimbo katika tepu na kuzitangaza. Lakini tepu ya redio si kitu cha kuuzwa dukani. Wimbo ulisikika nchi nzima bila ya kuwa na bamba ambalo mtu angeweza kulishika mkononi na kusoma majina.

Na hata alipolishika, majina yalikuwa machache. Karatasi ndogo ya katikati ilitaja wimbo, mtungaji na bendi. Mpuliza saksafoni hakutajwa. Si haki kusema kwamba alionewa makusudi, kwa maana mpiga ngoma na mpiga gitaa la kati walikuwa katika hali hiyo hiyo. Lakini hasara yake ilizidi ya wenzake kwa sababu moja ya maumbile. Katika nyimbo za dansi mwimbaji huweza kulitia jina lake ndani ya wimbo, na wengi walifanya hivyo, kama washairi walivyokuwa wakijitaja katika beti za mwisho za tenzi zao. Mpiga gitaa huweza kupiga na kuimba kwa wakati mmoja. Mpuliza saksafoni hawezi. Kinywa chake kimeshikwa na chombo chake. Pumzi ambayo ingetaja jina imekwisha kutumika.

Tena kazi aliyopewa katika bendi ilikuwa kazi isiyo na jina tangu zamani. Katika ngoma za kwetu yuko mwimbishaji, ambaye pwani huitwa manju, na wako waitikiaji. Manju hujulikana kwa jina mji mzima, na sogora wa ngoma kadhalika. Waitikiaji ni umati. Saksafoni mbili zilipoingia katika bendi za dansi zilikaa mahali pa waitikiaji. Mwimbaji alisema mstari wake, nazo zikajibu pamoja kwa kibwagizo kifupi. Akasema tena, zikajibu tena. Anayesikiliza nyimbo za Morogoro Jazz za mwisho wa miaka ya 1960 atauona mpango huu wazi. Wataalamu waliozoea jazi ya Marekani, ambako saksafoni ndiyo manju, huiona kazi hii kuwa ndogo. Si ndogo. Bila ya jibu hakuna wimbo, na jibu la saksafoni katika nyimbo hizo ndilo linalokumbukwa na kupigwa mluzi na mtu aliyesahau maneno. Lakini ni kweli kwamba jibu halina mwenyewe.

Jambo hili linadhihirika zaidi likilinganishwa na habari za Mbaraka Mwinshehe. Alizaliwa mwaka wa 1944, mwaka ule ule wa kuanzishwa kwa Morogoro Jazz, akajiunga nayo katikati ya miaka ya 1960. Alikuwa mpiga gitaa la solo, mtungaji na mwimbaji. Yaani alikuwa na njia tatu za kujulikana kwa jina. Bendi ilipopelekwa Osaka, Japani, mwaka wa 1970 katika Maonyesho ya Dunia, ilikwenda kama Morogoro Jazz ya Tanzania. Lakini kufikia wakati huo wasikilizaji walikuwa wamekwisha anza kusema nyimbo za Mbaraka. Dr. Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa Desemba 1971, wimbo wa maombolezo ulioenea ulikuwa wa Mbaraka. Mwaka wa 1973 aliiacha Morogoro Jazz akaunda Super Volcano. Saksafoni zilimfuata humo, nazo zikapewa nafasi kubwa zaidi ya ile ya kwanza. Lakini zilifuata bendi iliyojulikana kwa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa mpulizaji.

Kwamba mpulizaji angeweza kuwa na bamba lake mwenyewe kulidhihirika upande wa magharibi wa bara hili. Katika OK Jazz ya Kinshasa, bendi iliyoundwa mwaka wa 1956 ambayo nayo jina lake la jazz halikumaanisha muziki wa Marekani, alikuwamo mpuliza saksafoni Verckys Kiamuangana. Mwaka wa 1968, kiongozi wake Franco akiwa safarini Ulaya, Verckys alirekodi nyimbo pamoja na baadhi ya wanabendi bila ya idhini. Ugomvi ukazuka, na mwaka wa 1969 akajitenga akaunda bendi yake ya Vévé, na alama yake ya kutolea santuri ikabeba jina hilo hilo. Hapo ndipo panapoonekana ufunguo wa jambo zima. Verckys hakupata jina kwa kupuliza vizuri zaidi ya wapulizaji wa Morogoro, ingawa alipuliza vizuri sana. Alilipata kwa kumiliki. Vyombo, studio na alama vikiwa vyako, huhitaji kinywa kitupu ili kujitaja. Katika Tanzania vyombo vilikuwa vya chama, au vya shirika la umma, au vya jeshi. Mpulizaji alipohama bendi aliiacha saksafoni nyuma kama askari anavyorudisha bunduki ghalani. Hata Michael Enoch, aliyeheshimiwa kwa jina la King na ambaye saksafoni yake ilikuwa nguzo ya Mlimani Park iliyoanza mwaka wa 1978, anakumbukwa kama mwalimu wa bendi, yaani kama mtu wa kundi.

Lugha ya magazeti inaonyesha jinsi hali ilivyobadilika baadaye. Zamani mtendaji wa kitenzi alikuwa bendi: Morogoro Jazz wamepiga santuri mpya, Cuban Marimba wametia sauti. Kiambishi kilikuwa cha wingi hata jina lilipokuwa moja, maana msemaji aliona watu nyuma yake. Kisha kikaja kitenzi cha kufyatua, bendi imefyatua kibao, neno la bunduki na mtego, ambalo lingewapendeza wale waliouita mzinga mzinga. Mwishoni yakaja maneno ya siku hizi: fulani ametoa albamu, fulani ameachia albamu. Mtendaji amekuwa mtu mmoja. Neno albamu limeingia pamoja na kanda za kaseti na studio za watu binafsi, na limekuja likiwa na umoja wake. Kwa upande mwingine neno jazz limekuwa likijitoa. Nuta Jazz iligeuka kuwa Juwata Jazz, kisha Ottu Jazz, chama cha wafanyakazi kilipobadilisha jina. Jazz ikadumu katika mabadiliko hayo yote. Bendi ilipotoka katika mikono ya chama ilijiita Msondo Ngoma. Ni vigumu kuona bahati nasibu katika jambo hilo: chama kilipoondoka, jina la chama nalo likaondoka, na ngoma, ambayo jazz ilikuwa imekalia kiti chake, ikarudi mahali pake.

Morogoro haikuyaona mabadiliko hayo ikiwa na nguvu zake za kwanza. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka wa 1977, na njia ya kwenda kwenye viwanda vya santuri ikafungwa pamoja nao hadi 1983. Mbaraka Mwinshehe alikuwa Kenya, na huko pwani alikufa katika ajali ya gari Januari 1979. Baada ya kifo chake kampuni ya Polygram ya Nairobi ilikusanya nyimbo zake za bamba dogo, zile za Morogoro Jazz na zile za Super Volcano, ikazitoa katika mfululizo wa santuri ndefu ulioitwa Ukumbusho. Kwa nyimbo nyingi za Morogoro Jazz hiyo ndiyo albamu zilizoipata. Juu ya jalada jina la Mbaraka limetangulia, kisha bendi. Sehemu ya kwanza na sehemu ya pili za wimbo, zilizokuwa zimetengwa na pande za bamba, ziliweza sasa kufuatana juu ya upande mmoja, na saksafoni zikaja mahali pake bila ya msikilizaji kunyanyuka kuligeuza bamba.